Mpango wa hiari wa utunzaji ardhi: una maana gani kwa mfuga farasi?

Mpango wa hiari wa utunzaji ardhi ni makubaliano ambayo mwenye shamba huingia bila kushurutishwa na sheria. Mtaalamu hufika, wakazunguka naye shambani wakitazama maji ya mvua yanapita wapi, samadi inarundikwa wapi na nyasi zimekwisha wapi. Kisha huandikwa mpango wa kurekebisha kasoro hatua kwa hatua. Mipango mingine humpa aliyetekeleza cheti au kibao cha langoni, mingine humchangia gharama.

Si jambo geni. Huko Australia, vikundi vya Landcare vilianza katika jimbo la Victoria mwaka 1986, wakulima na majirani zao wakishirikiana kuokoa ardhi iliyochakaa. Ontario, Kanada, ilianzisha mwaka 1993 mpango ambao mkulima hutathmini shamba lake mwenyewe.

Wafugaji wa farasi ndio wagumu kuwapata, na sababu si ukaidi. Mtu ana farasi wanne wa kupanda au wa mashindano, havuni nafaka wala hauzi maziwa, kwa hiyo hajihesabu kuwa mkulima. Akisikia habari za utunzaji ardhi, hudhani anayeitwa ni jirani mwenye ng'ombe mia mbili.

Ardhi haiulizi farasi amefugwa kwa biashara au kwa starehe. Farasi mmoja wa kilo 450 hutoa kinyesi na mkojo wa kilo 20 hivi au zaidi kwa siku. Wanne wanakaribia tani 30 kwa mwaka, bado hujahesabu maranda ya bandani. Tena farasi ana meno ya mbele juu na chini, tofauti na ng'ombe, hivyo hukata nyasi hadi karibu na udongo, na hurudia palepale penye machipukizi mapya. Malisho yakiwa madogo, hubaki kipara. Mvua ikinyesha, udongo na samadi huishia kijitoni, na fosforasi na naitrojeni zake hustawisha mwani. Mwani ukifa na kuoza hula oksijeni ya majini, samaki wakakosa pumzi. Ghuba ya Chesapeake, Marekani, imeteseka hivyo kwa miongo mingi, na mwaka 2010 serikali kuu iliweka ukomo wa naitrojeni, fosforasi na mashapo yanayoingia humo.

Hata hivyo, ukitaka kumshawishi mfuga farasi, usianze na samaki. Anza na tope. Tope la kudumu huozesha kwato na kuletea ngozi ya miguu vidonda, na dawa yake mara nyingi ni kiwanja kidogo cha changarawe ambamo farasi hukaa wakati malisho yamelowa. Samadi ikigeuzwa mboji na kufikia nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa, mayai ya minyoo na mbegu nyingi za magugu hufa. Malisho yakigawanywa, farasi wakaondolewa nyasi zikiwa na sentimita 8 hivi na kurudishwa zikifika 15 au 20, gharama ya majani makavu hupungua. Ukanda wa mimea kando ya kijito, uliozungushiwa uzio, huchuja kinachobaki. Haya yote ni kazi ya mpango, ila kwa mwenye farasi yanasikika kama afya ya mnyama wake, na hapo husikiliza.

Kinachobaki ni hofu: huyu anayetembelea shamba leo, kesho si ataleta faini? Ni hofu ya haki. Mpango ambao ripoti zake huenda moja kwa moja kwa wakaguzi wa serikali hautapata watu, hata ukiitwa wa hiari mara ngapi. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mfugaji aulize nani ataiona ripoti, uzio na changarawe vinalipiwa na nani, na akitaka kujitoa katikati atadaiwa nini.