Mwenye mradi ndo anayelipia ukaguzi wa ramani, sasa paneli iko huru vipi?

Hili swali kaniuliza kaka mmoja anayetaka kujenga ghorofa Kigamboni, na ni swali la maana kabisa, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu. Mi ni msanifu majengo, nipo London miaka mingi sasa, na huwa nakaa kwenye paneli ya kupitia usanifu ya manispaa moja ya huku, yaani kundi la wataalamu wanaopitia michoro ya miradi mikubwa na kutoa ushauri.

Inakuwa hivi. Mtu ana mradi mkubwa, tuseme ghorofa tisa za makazi, kabla hajapeleka maombi ya kibali anakuja mbele yetu na wasanifu wake. Tunakuwa watu watano hivi, wasanifu majengo, mtaalamu wa bustani na mandhari, mtu wa usafiri, mara nyingine na mtu wa majengo ya kale. Hakuna aliyeajiriwa na manispaa, na kama una kazi yoyote na mwenye mradi unasema mapema na siku hiyo hukai. Asubuhi tunaenda kiwanjani kwanza, tunazunguka kwa miguu hata kama mvua inanyesha, kisha tunarudi mezani, wanaeleza, tunauliza maswali, mwenyekiti anakusanya hoja na baada ya siku kadhaa barua inatoka.

Hela analipa mwenye mradi, ni kweli. Ila analipa manispaa au taasisi inayoendesha paneli, hachagui nani akae, haoneshwi barua ili airekebishe lugha, na ada ni ileile barua iwe tamu au chungu. Uhuru wetu uko hapo: jengo likijengwa mi sipati kitu, lisipojengwa pia sipati kitu.

Utaratibu wenyewe si wa jana. Uingereza walianza na tume ya kifalme mwaka 1924, Royal Fine Art Commission, ikaja CABE, tume ya usanifu majengo, mwaka 1999, mwaka 2011 CABE ikaunganishwa na Design Council, taasisi ya taifa ya mambo ya ubunifu, na siku hizi manispaa nyingi zina paneli zao. Mpango wa jiji, London Plan wa 2021, unataka miradi mikubwa inayofika kwa Meya, kama ina majengo marefu au inazidi nyumba 350 kwa hekta, iwe imepitiwa angalau mara moja mapema, au ioneshe kwamba manispaa imeichuja kwa njia yake.

Na neno la kushika hapo ni mapema. Kuna mradi mmoja uliletwa kwetu wakati ramani bado ni michoro ya penseli, majengo yamezunguka uwanja wa ndani, na kwenye picha watoto wanacheza juani, pazuri kweli. Mwenzetu wa mandhari akauliza swali moja tu, hii picha ni ya mwezi gani? Ilikuwa Juni, saa sita mchana. Sasa huku kwetu London mwishoni mwa Desemba jua la saa sita linapanda nyuzi 15 tu juu ya upeo, sio kama Dar linapokuwa utosini, kwa hiyo jengo la mita 30 linaangusha kivuli cha zaidi ya mita 100, na lile jengo refu walikuwa wameliweka upande wa kusini, yaani ule uwanja usingeona jua majira yote ya baridi. Tukaomba sekisheni, mchoro unaoonesha jengo kama limekatwa katikati, tukachora mstari wa jua juu yake palepale mezani kwa kalamu nyekundu. Mara ya pili waliporudi upande wa kusini umeshuka hadi ghorofa nne na ghorofa zilizobaki zimehamia kaskazini. Wangekuja miezi sita baadaye isingewezekana.

Najua kwa sababu wengine huja hivyo, ripoti zote zimeshalipiwa, maombi yanaingia wiki ijayo, na sisi tunabaki kuongelea rangi ya matofali na mlango wa chumba cha mapipa ya taka. Inaniuma, maana watu wataishi humo.

Kibali hatutoi sisi. Sisi tunashauri, madiwani kwenye kamati ndo wanaamua, ingawa sera ya taifa ya mipango ya England inataka manispaa izingatie maoni ya paneli. Kinachonikera ni kwamba barua za hatua za mwanzo kwa kawaida zinakaa siri mpaka maombi yapelekwe rasmi, kwa hiyo mkazi wa jirani anakuja kujua tulisema nini wakati mengi yameshaamuliwa. Mi ningependa zitoke mapema zaidi.

Sasa kaka wa Kigamboni. Ramani yako itapita kwa wataalamu wa halmashauri, wa mipango miji, afya, zimamoto, wahandisi, na wataangalia matumizi ya kiwanja, umbali kutoka mpakani, usalama. Hiyo ni sheria na lazima. Ila upepo wa bahari utaingia chumba kipi, mama mwenye mtoto mgongoni atapanda ngazi gani, hayo tafuta msanifu mwingine asiye na fungu kwenye kazi yako, mlipe siku yake moja kabla hujamlipa mhandisi, mpeleke kiwanjani saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni, na mwanzishie na sekisheni.