Pumu ya ngozi: kabla hujamnyima mtoto yai

Mi na pumu ya ngozi (ekzema) tumekua pamoja, ilinianza kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti nikiwa darasa la pili, sasa nna mtoto wa miaka mitatu nae kairithi, na kila mgeni anaekuja nyumbani akishamuona anavyojikuna lazima aache dawa. Nimezisikiliza zote, nyingine nilizifuata na zikanitokea puani.

Ya kwanza kabisa huwa ni "hiyo damu chafu, isafishe". Hapo ndo unanyweshwa mwarobaini, unga wa mlonge, habat soda na maji ya moto kabla hujala kitu. Mwarobaini nimekunywa utotoni mpaka nikawa nausikia harufu toka nje ya geti na nageuza narudi kucheza. Jamani damu haina shida, shida iko kwenye ngozi yenyewe, lile tabaka la juu kabisa. Ngozi isiyo na ugonjwa ni kama ukuta wa matofali uliopigwa lipu vizuri, ya kwetu lipu imebanduka, maji yanatoka na ngozi inakauka, halafu vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia, kinga ya mwili inacharuka na muwasho unaanza. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Dundee kule Scotland, walionyesha kuwa jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuujenga ule ukuta, ikiwa na hitilafu mtu anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huu. Kwetu Waafrika hitilafu zile walizozikuta Ulaya ni chache, ila ukuta unavuja vilevile. Na ukuta unaovuja hauzibwi kwa kunywa kitu kichungu.

Sasa chakula, maana hapa ndo watu wanaumiza watoto bila kujua. "Mwenye aleji asile yai, samaki, karanga, maziwa, nyama nyekundu, nyanya, bilinganya, nanasi." Sawa, toa hivyo vyote halafu niambie mtoto wa miaka miwili anabaki na nini zaidi ya uji mweupe na wali mkavu. Ukweli ni kwamba aleji ya chakula ipo, na wenye pumu ya ngozi kali wanayo zaidi kuliko watoto wengine, ila wengi wao ngozi haichafuki kwa sababu ya chakula. Aleji ya kweli mara nyingi haijifichi: dakika chache au ndani ya saa mbili hivi baada ya kula midomo inavimba, mwili unatoa mabaka yaliyovimba kama kaumwa na mbu mia, anatapika, au pumzi inabana, na pumzi ikibana ni kukimbia hospitali sio kutafuta maziwa ya kumnywesha. Nyanya na nanasi kumuwasha pembeni ya mdomo mara nyingi ni ile tindikali tu inagusa ngozi iliyochubuka. Mpake mafuta ya mgando kuzunguka mdomo kabla hajala, uone.

Na kuna kitu kilinishangaza nilipokisoma. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, nusu wakala vyakula vya karanga tangu wadogo, nusu wakanyimwa mpaka miaka mitano. Walionyimwa ndo waliopata aleji ya karanga kwa wingi, waliokula ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Yani tumbo linamzoesha mtoto chakula, ila kikipitia kwenye ngozi iliyopasuka mwili unakiona adui. Sisemi umlishe karanga leo mtoto ambae ngozi yake inatoa maji, huyo apimwe kwanza. Nasema usimfungie vyakula kumi kwa kubahatisha. Ukishuku kitu, toa kimoja, wiki mbili mpaka nne, ukiwa na daktari, kisha kirudishe. Na kipimo cha damu kikisoma "positivu" kwa chakula anachokula kila siku bila shida hiyo sio sababu ya kumnyima.

Mafuta je? Hapa bibi yangu alishinda. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani aliyokuwa ananipaka yamekuja kupimwa, na kwa pumu ya ngozi yamefanya vizuri tu, hata bakteria wa kwenye ngozi yanawapunguza. Ila mafuta ya zeituni, najua hapa wa Pwani tutagombana, kuleni kwenye saladi, kwenye ngozi yanaulegeza ule ukuta badala ya kuujenga. Kitunguu saumu na ndimu wala msiguse, saumu inaunguza kama pasi na ndimu ukiipaka ukatoka juani unaweza kubabuka. Na yale mafuta ya watoto yanayonukia vizuri, harufu yenyewe inachokoza. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, ndani ya dakika tatu baada ya kuoga wakati mwili bado una unyevu, yananisaidia kuliko vyote nilivyowahi kununua, hasa mwezi wa sita na wa saba kipupwe kikipiga. Sabuni ya mche ya kufulia isimguse mtoto.

Halafu ile krimu ya "mitishamba tupu". Mi nilinunua, kikopo cheupe hakina lebo, siku ya tatu ngozi ikawa kama ya malaika nikamtangazia ukoo mzima. Nilipoacha ikarudi mara mbili, na ngozi ya shingo ikabaki nyembamba yenye mistari. Dawa ya kienyeji inayofanya miujiza kwa siku tatu mara nyingi imechanganywa steroidi kali, zile dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, na hujui ya nguvu gani. Kichekesho ni kwamba tunaipaka hiyo mwaka mzima huku tunaikataa ya hospitali eti "inakula ngozi". Inakula ukiweka kali usoni kwa miezi. Haidrokotisoni, steroidi ya nguvu ndogo, ya asilimia 1 usoni kwa siku chache, au ya nguvu kidogo mwilini wiki moja mpaka mbili kama ulivyoelekezwa, ndo inayozima moto. Kiasi cha ncha moja ya kidole cha mtu mzima, yani toka nchani mpaka mkunjo wa kwanza, kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Wapo wanaosema pia kwamba dawa ya kupaka inaupeleka ugonjwa kifuani, sio kweli: mtoto wa pumu ya ngozi anaweza kuja kupata pumu ya kifua, ila sio kwa sababu ulimpaka, ni ndugu wa ukoo mmoja.

Kuna wataalamu wa ngozi waliosomea chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, chuo kile kipo tangu 1992, hivyo ulizia hospitali ya mkoa kabla hujafikiria Dar. Picha za vitabuni huwa na wekundu, kwetu inakuja kijivu, zambarau au nyeusi yenye vipele vidogo vidogo. Ikishapona inaacha madoa, na madoa sio ugonjwa tena, kama hayawashi na hayana ukavu acha steroidi, endelea na mafuta tu, yatafifia yenyewe kwa miezi.