Sensa ya gesi iliyonyamaza sio lazima iwe nzima

Siku moja niliingia chumba cha mashine cha kiwanda kimoja cha barafu hapa Kigoma, nikamuuliza opareta kuhusu ile sensa ya amonia, kifaa cha kuonya gesi ya kupozea ikivuja, iliyofungwa ukutani juu ya kompresa. Akanijibu kwa kujivunia kabisa, "Hii mzee wangu, tangu ifungwe haijawahi kupiga kelele hata siku moja." Nikaomba ngazi nikapanda. Pale kwenye mdomo wa sensa, kwa chini ambapo hewa inatakiwa iingie, nyigu alikuwa ameshajenga, udongo mwekundu mkavu umejaa kikombe chote, nikaugonga na bisibisi ukadondoka kipande kizima kama kizibo. Taa ya kijani muda wote ilikuwa inawaka na paneli inasoma sifuri. Yaani watu wanapakia barafu ya migebuka usiku na mchana wakijua kuna kitu kinawalinda, kumbe kile kitu kimezibwa pua.

Kitengo chetu kinafundisha usalama sehemu za kazi na kusema kweli hiki ndo kitu kinachoniumiza zaidi kwenye hizi sensa za kufunga ukutani, watu wanasoma ukimya wake kama uzima. Taa ya kijani inakwambia umeme upo na bodi ya ndani inafanya kazi, basi. Haikwambii kama gesi ikija itaionja. Kitu pekee kinachokwambia hilo ni kuipelekea gesi yenyewe na kuangalia inafanyaje.

Tuanze na kufunga. Kwanza ujue una gesi gani, maana hakuna sensa ya gesi zote. Viwanda vya barafu na vyumba vya ubaridi vya samaki vikubwa vikubwa vinatumia amonia, vidogo vingi vinatumia gesi za friji za kawaida ambazo hazina harufu ya kukushtua, ni nzito kuliko hewa, na zikijaa chumbani zinasukuma oksijeni nje mpaka mtu anaanguka hajui kimempata nini. Kwenye gesi ya kupikia ni habari nyingine tena, hiyo inatafuta kulipuka, kwahiyo kifaa chake hakihesabu ppm, yaani sehemu ngapi za gesi ndani ya sehemu milioni moja za hewa, kinahesabu asilimia ya kile kiwango cha chini kabisa cha gesi kushika moto, kwenye kioo utaona herufi LEL. Propani inaanza kushika moto ikiwa kama asilimia 2 tu ya hewa. Amonia mpaka ifike kama asilimia 15 ndo inashika moto, lakini binadamu hafiki huko, 25 ppm ndo kiwango kinachotumika sana kama mwisho wa kufanyia kazi siku nzima, na 300 ppm tayari inahesabiwa ni hatari ya papo kwa papo. Sasa fikiria 300 ndani ya milioni ni kidogo kiasi gani.

Halafu urefu wa kufunga. Hapa nina kosa langu mwenyewe na nalisema ili mwingine asilirudie. Nikiwa fundi kijana nilikuwa nimezoea kufunga sensa za gesi ya kupikia, na hizo zinakaa chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, kwasababu propani ni nzito karibu mara moja na nusu ya hewa na inatambaa chini kama maji. Nikapewa kazi ya chumba cha amonia nikafunga vile vile chini. Amonia ni nyepesi, uzito wake kama asilimia 60 tu ya hewa, inapanda darini. Baada ya muda palitokea mvujo kwenye pakingi ya valvu, wafanyakazi wakakimbia macho yanatoka machozi, sensa yangu ikaja kulia baadae kabisa watu wako nje tayari. Hakuna aliyeumia sana, namshukuru Mungu, lakini sijaisahau mpaka leo. Kwahiyo amonia weka juu, karibu na dari na karibu na pale panapoweza kuvuja, kwenye kompresa, kwenye pampu, kwenye valvu. Ila angalizo, amonia ikitoka ya maji maji na baridi kali, hasa kwenye hewa yenye unyevu kama yetu ya ziwani, inafanya ukungu mweupe unaolala chini kwanza kabla haujapanda, ndo maana kwenye chumba kikubwa sensa moja haitoshi.

Usiifunge mbele ya feni inayoingiza hewa safi, utakuwa unapima hewa ya ziwa. Usiifunge juu mahali ambapo hakuna mtu ataweza kuifikia kuipima, maana hatapanda, nawajua watu. Mdomo uangalie chini ili maji yasiingie siku ya kuosha sakafu na mashine. Ule mfuniko wa plastiki unaokuja nao kutoka kiwandani utoe ukishamaliza kufunga na kupaka rangi, nimeshakuta mara mbili bado upo, na mara moja fundi rangi alipaka rangi juu ya sensa pamoja na ukuta.

Waya sasa. Sensa nyingi za ukutani zinaongea na paneli kwa mkondo mdogo wa umeme unaohesabiwa kwa miliampia, kutoka 4 mpaka 20. Nne ni sifuri na ishirini ni mwisho wa kipimo. Kama kipimo chako ni 0 mpaka 100 ppm basi 25 ppm itakuwa 8 miliampia, 50 ppm itakuwa 12, piga hesabu mwenyewe, kila ppm ni 0.16. Ukisoma kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, ukakuta 0 waya umekatika au umeme haufiki, ukikuta 2 au 3 hivi sensa yenyewe inalalamika ina tatizo, na ndo uzuri wa kuanzia nne, sifuri halisi na waya uliokatika havifanani. Kama sensa inasema 8 kwenye multimita na paneli inaonyesha 40 ppm basi sensa haina kosa, paneli imepangiwa kipimo tofauti, nenda karekebishe huko usibadilishe sensa ya watu bure. Paneli inatoa volti 24 lakini waya ukiwa mrefu na mwembamba zinapungua njiani, pima kule mwisho kwenye sensa wakati inafanya kazi, sio kwenye paneli, halafu linganisha na kitabu cha kifaa. Ile nyavu ya chuma inayozunguka waya ndani ya kebo ishikizwe ardhini upande mmoja tu, upande wa paneli, ukishika pande zote mbili unakaribisha namba za kuchezacheza kila kompresa inapowaka.

Na sisi huku tumeishi miaka mingi na majenereta na umeme wa kuja na kuondoka, na radi za huku ni za kweli, kwahiyo weka betri ya akiba na kizuia radi kwenye laini. Umeme ukirudi usiamini namba za mwanzo, sensa inahitaji kupata joto na kutulia, nyingine dakika chache, nyingine masaa. Na relei za king'ora, zile swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zipangwe ziwe zimeshika muda wote wa kawaida ili umeme ukikatika ziachie na king'ora cha betri kilie, hapo hata kifo cha kifaa kinatoa taarifa.

Sasa kupima, na hapa nakaa kidogo kwasababu ndo panapoachwa. Kuna kipimo cha haraka, unapeleka gesi kidogo unaangalia namba zinapanda na king'ora kinalia, hii ifanye mara kwa mara, hata kila mwezi. Halafu kuna kalibresheni yenyewe, yaani kuirekebisha sensa isome sawasawa, kila miezi mitatu au sita kutegemea kitabu cha kifaa kinasemaje. Kabla hujaanza waambie watu wote, zima kwa muda zile amri za kusimamisha mitambo, halafu andika mahali kwamba umezizima ili usisahau kurudisha. Unaanza na sifuri kwa hewa safi ya chupa, sio hewa ya chumba chenye mvujo mdogo mdogo, maana ukiweka sifuri kwenye hewa yenye 10 ppm umeifundisha sensa kudanganya. Halafu unavalisha kikombe cha kupimia, unafungua gesi ya kipimo kinachojulikana, tuseme 50 ppm, kwa mtiririko kama nusu lita kwa dakika, unasubiri namba itulie ndo unarekebisha. Itachukua dakika moja au mbili, usiwe na haraka.

Kuna tabia ya kupima sensa za gesi ya kupikia kwa kiberiti cha gesi, unakiachia bila kuwasha pale mdomoni. Naombeni muache. Ile ni gesi nzito isiyopimwa, inaweza kuiunguza ile shanga ya ndani inayohisi gesi, kifaa kinalia leo unafurahi halafu kuanzia kesho kinasoma nusu. Na amonia ya chupa ya kusafishia kuipeleka pale ni hivyo hivyo, sensa ya amonia ina dawa ndani inayotumika kila inapokutana na gesi, unaimaliza bila kujua. Kitu kingine kinachoua zile za shanga kimya kimya ni silikoni, ile gundi ya kuzibia madirisha na baadhi ya sprei za kulainisha. Mvuke wake unafunika shanga, sensa haioni tena, na taa bado ya kijani.

Namba ikiwa inashuka chini ya sifuri mara nyingi ilipangwa sifuri kwenye hewa chafu. Ikipanda kila alfajiri na kushuka jua likitoka angalia unyevu kwenye kisanduku cha waya, gland, kile kibano kebo inapoingilia, haijakazwa vizuri. Ikilia bila sababu usianze kwa kuizima, anza kwa kuamini, toa watu, halafu mwenye vifaa vya kupumulia aingie kuhakikisha na kipimo cha mkononi. Pua usiitegemee, inazoea harufu.

King'ora kikilia kweli, watu watoke kwa kukatisha upepo, sio kukimbia nao. Pale ufukweni mchana upepo kwa kawaida unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, kwahiyo sehemu ya kukusanyika ya mchana inaweza isifae usiku, funga kitambaa juu ya bati watu waone upepo unakoelekea. Zimamoto ni 114. Maji ya kunyunyiza yanameza mvuke wa amonia, lakini usimwage maji juu ya amonia iliyotuama sakafuni, itachemka na kutoa mvuke zaidi. Haya yote mwajiri anawajibika nayo kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, haihitaji asubiri mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, afike.

Chupa za gesi ya kupimia agizeni mapema, ni mitungi ya presha na safari ya mpaka huku ni ndefu, na ya amonia haikai sana, soma tarehe ya mwisho kabla hujalipa. Viwanda viwili vitatu vya jirani vikichanga chupa moja inatosha.

Ile sensa ya nyigu tuliisafisha tukaipelekea gesi ya 50 ppm, ikasoma 11. Nyuma yake ilikuwa imeandikwa tarehe ya kutengenezwa, miaka sita iliyopita, wakati sensa za aina ile nyingi zinaishi miwili au mitatu. Yule opareta aliishika mkononi muda mrefu akiigeuza geuza, halafu akaniomba nimfundishe kusoma multimita.