errors=remount-ro: neno dogo linaloamua diski ifanye nini ikikosea

Fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kumaunti, kwenye mashine ya Linux ya Debian, na kwenye Ubuntu nyingi pia, utakuta mstari wa diski ya mfumo wenye maneno haya: ext4 (aina ya mfumo wa faili), kisha errors=remount-ro. Wengi tumeupita mstari huo miaka nenda rudi bila kuuliza kazi yake. Unakuja kukumbukwa siku seva inapogoma: unahifadhi faili, unajibiwa "Read-only file system", yaani diski ni ya kusoma tu. Umeingia kama root, msimamizi mkuu; kubadilisha ruhusa kwa chmod hakusaidii kitu, na df inaonyesha nafasi bado ipo tele. Mtu wa kwanza kufika hapo husema tumedukuliwa.

Hamjadukuliwa. Ni mfumo wa faili umejifungia mlango kwa hiari yake.

Kumaunti diski ni kuipa mahali pake kwenye mti wa folda ili programu ziione. Kila unapomaunti unaweka na masharti: isomwe tu au iandikwe pia, programu zilizomo ziruhusiwe kuendeshwa au la. Sharti la errors= linajibu swali moja tu: mfumo wa faili ukigundua kwamba hesabu zake zenyewe hazikubaliani, ufanyeje?

Hapo kwenye "hesabu zake" ndipo watu wanapojikwaa. Mfumo kama ext4 hutunza vitu viwili: data yako, na daftari la kuonyesha data hiyo iko wapi, yaani bloku ipi ni ya faili lipi na ipi iko wazi. Daftari hilo ndilo metadata. Errors= inahusu daftari. Sekta ikioza katikati ya video ya harusi, programu inayoisoma itapewa kosa la kusoma na basi. Diski itabaki inaandikika kama jana. Kwa hiyo diski inaweza kufa polepole, faili moja baada ya jingine, na errors=remount-ro isifanye lolote. Usiifanye kipimo cha afya ya diski.

Lakini daftari likisema bloku fulani iko wazi wakati kuna faili limekaa humo, kuendelea kuandika ni hatari kweli. Faili jipya litamwagwa juu ya la zamani, na hakuna atakayejua mpaka mhasibu afungue hesabu za mwezi uliopita akute takataka.

Ext4 ina majibu matatu. La kwanza ni continue: andika alama kwenye supabloku, ukurasa wa kwanza wa daftari wenye taarifa kuu za mfumo wa faili, kwamba kuna kosa, kisha endelea na kazi. La pili ni remount-ro: zuia uandishi wote, acha watu wasome. La tatu ni panic: keneli, kiini cha Linux, inasimamisha mashine nzima, na kama mpangilio wake wa kernel.panic umewekwa 10, mashine inajiwasha upya baada ya sekunde 10. Hili la mwisho lina maana pale penye seva ya pili iliyo tayari kushika kazi. Kwa kompyuta moja ya ofisi sioni faida yake.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Usipoandika errors= kwenye fstab, ext4 inafuata kilichoandikwa kwenye supabloku siku diski ilipofomatiwa, na kwa kawaida mkfs.ext4, amri ya kufomati, huandika continue. Kisakinishi cha Debian hukuwekea remount-ro kwenye diski ya mfumo. Diski ya pili uliyoinunua baadaye kwa ajili ya data, ukaifomati mwenyewe na kuandika "defaults" kwenye fstab, iko kwenye continue. Yaani programu, ambazo unaweza kuzisakinisha upya jioni moja, zina ulinzi. Hesabu za duka hazina. Hakikisha kwa tune2fs -l /dev/sdb1 na utafute mstari wa "Errors behavior". Kubadilisha ni amri moja: tune2fs -e remount-ro /dev/sdb1.

Mifumo mingine ina tabia zake. XFS haina errors= kabisa; metadata ikiharibika vibaya inajifunga, na kila ombi linarudishiwa kosa hadi uimaunti upya. Btrfs nayo hujigeuza ya kusoma tu. FAT ya kwenye flash inayo errors=, na chaguo lake la kawaida ni remount-ro, ndiyo maana flash iliyozoea kuchomolewa kienyeji huweza kukataa kuandikwa ghafla ukiwa kwenye Linux.

Diski ikishajifunga, mkono wa kwanza hukimbilia mount -o remount,rw. Mara nyingi ext4 itakukatalia, na ni heri ikukatalie. Mkono wa pili hukimbilia kuzima na kuwasha. Subiri kidogo. Kama /var/log iko kwenye diski hiyo hiyo iliyojifunga, basi maelezo ya kilichotokea hayakuandikwa popote. Yamo kwenye kumbukumbu ya keneli tu, na ukizima yanapotea. Chomeka flash, andika dmesg > /mnt/flash/kosa.txt, kisha soma mistari iliyo juu kidogo ya ile ya "EXT4-fs error". Ukiona "I/O error" nyingi za diski yenyewe, tatizo ni waya au diski: nakili data kwanza, fsck (amri ya kukagua na kurekebisha daftari) baadaye, kwa sababu fsck juu ya diski inayokufa huweza kuimalizia. Usipoziona, washa kwa flash ya Linux na uendeshe fsck wakati patisheni haijamauntiwa.

Na kama mtu ameshazima kabla hujafika, bado tune2fs -l inaweza kukusaidia: supabloku hutunza idadi ya makosa, saa ya kosa la kwanza na ya la mwisho. Wakati mwingine utakuta la kwanza ni la miezi kadhaa iliyopita, kwenye diski iliyokuwa continue.