Kunawa si Kuchovya

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye hitima, Tanga. Sisi wanawake tulikaa uani, mkekani, na kabla ya sinia la pilau likatangulia karai la bluu lenye maji. Lilianzia kwa bibi mmoja mtu mzima, likapita kwa jirani yake, likaendelea kuzunguka. Kila mmoja alitumbukiza mkono wa kulia, akasuguasugua ncha za vidole, akautoa na kuukung'uta. Wengi wetu tulikuwa tumeshinda jikoni tangu alfajiri. Tumemenya vitunguu saumu, tumepepeta mchele, tumebadilisha watoto nepi. Karai liliponifikia, watu kumi walikuwa wameshapita. Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta, chini punje za mchele na majivu. Binti aliyelishika akaniambia kwa adabu zote, "Shangazi, nawa tuanze."

Neno hilo, nawa, limenikaa kichwani mpaka leo.

Kunawa ni kujisafisha mikono au uso kwa maji. Maana hiyo hakuna asiyeijua, sitaichelewesha. Lakini siku hizi neno linabebeshwa mizigo mitatu isiyo yake: kuosha, kuchovya mkono kwenye maji yaliyotuama, na kujipaka sanitaiza. Naanza na kuosha, kwa sababu ndiyo tofauti inayoonekana ndogo na ndiyo inayozaa nyingine.

Kiswahili hakijawahi kutosheka na kitenzi kimoja cha maji na uchafu. Nguo tunafua. Sakafu tunapiga deki. Mwili tunaoga, au tunakoga kama tunavyosema pwani. Kinywa tunasukutua, meno tunapiga mswaki, msalani tunachamba, na Mwislamu kabla ya sala anatawadha. Vyombo, gari, kidonda na maiti vyote vinaoshwa. Mikono na uso, mtu ananawa. Wageni wanaojifunza lugha yetu huona huu ni usumbufu. Mimi naona ni hazina, maana kila kitenzi kimebeba ndani yake namna ya kufanya kazi yenyewe.

Osha na oga ni jamaa wa karibu. Ukitazama Kinyarwanda, ambacho ni Kibantu kama Kiswahili, ukoo huo unaonekana bila kutafutwa: koga ni kuoga, koza ni kuosha. Kuosha, basi, ni kukifanya kitu kingine kioge. Mwenye kutenda yuko huku, kinachotendwa kiko kule, na mara nyingi kimelala tu kinangoja. Ndiyo maana yule anayeiandaa maiti akaitwa mwosha, na wahenga wakasema mwosha huoshwa. Maiti huoshwa, aliye hai huoga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikasirika waziwazi akisikia mtu anasema "nakwenda kujiosha". Alimjibu, "Umekufa lini, mwanangu?"

Nawa ni wa ukoo mwingine. Waganda wana okunaaba, yaani mtu kujisafisha mwenyewe kwa maji, mwili au viungo. Kiswahili kikalibana neno hilo likabaki zaidi na mikono na uso, lakini tabia yake halikuipoteza: mtendaji na mtendwa ni mtu yuleyule. Hatusemi "kujinawa", kwa sababu hiyo "ji" imeshakaa ndani ya kitenzi. Wala huwezi kumwambia mtu "nimekunawa". Ukitaka kumsaidia mwingine inakubidi urefushe neno, useme nimekunawisha, na hata hapo anayenawa ni yeye. Wewe umeshika chombo unamimina, yeye anasugua.

Tangu korona ilipoingia mwaka 2020, mabango yameenea kila ukuta: "Osha mikono". Wengi husema hivyo, Kenya hasa, na wanaeleweka. Sina ugomvi nao. Ila kitenzi huja na picha yake. Ukimwambia mtoto aoshe vyombo, anajua la kufanya: anajaza karai maji, anatumbukiza sahani zote humo, anasugua moja baada ya nyingine katika maji yaleyale, kisha anasuuza. Ukimwambia kwa sauti hiyohiyo aoshe mikono, usishangae akitafuta karai.

Kunawa kuna picha tofauti kabisa, na waliokulia nyumba za zamani wataikumbuka. Wageni wameketi. Mdogo kuliko wote anakuja na birika mkono wa kulia na tasa mkono wa kushoto, taulo begani. Bara ilikuwa jagi na beseni, lakini mwendo ni uleule. Anaanza kwa mkubwa. Anapiga goti, anaweka tasa chini ya mikono ya mgeni, anamimina maji kidogo. Mgeni anapokea sabuni, anasugua. Mtoto anangoja, hamharakishi. Kisha anamimina tena mpaka mgeni aseme, "Basi, baba, inatosha." Maji yaliyogusa mikono ya mtu yameanguka kwenye tasa, na hakuna mwingine atakayeyagusa. Nilipokuwa na miaka saba kazi hiyo ilikuwa yangu, na nakumbuka birika lilivyokuwa zito, na jinsi nilivyofinywa sikio siku moja kwa kumimina kabla mjomba hajamaliza kusugua. Sikujua kwamba nafundishwa afya. Nilidhani ni adabu tu.

Hata jina la chombo lina habari. Birika hili la kumiminia asili yake ni Kiarabu, ibriki, na wataalamu wa maneno hulirudisha nyuma zaidi hadi Kiajemi, ambako ab ni maji na sehemu ya pili inatokana na kumwaga. Yaani kimwaga maji. Lakini Kiswahili kina birika jingine, lile la kujengwa, la kuhifadhia maji msikitini au nyumbani, nalo limetokana na birka, neno la Kiarabu la dimbwi au bwawa. Maneno mawili ya mbali yakafika pwani yakavaa nguo moja. Sasa tuna birika la maji yanayotembea na birika la maji yaliyokaa, na ni muktadha tu unaotutenganishia.

Na wazee wa pwani walijua tofauti. Katika misikiti ya kale, kama ule mkuu wa Gedi karibu na Malindi, utakuta magofu ya kisima na birika la kutawadhia. Katika misikiti yenye birika la namna hiyo, hukuti mtu akitumbukiza mikono humo na kuondoka. Unateka maji kwa kata, unayamimina viungoni, maji machafu yanakwenda zake kwenye mfereji. Mafundisho ya Kiislamu yanakwenda mbali zaidi: anayeamka usingizini asitie mkono wake ndani ya chombo cha maji kabla hajaunawa mara tatu nje yake, kwa sababu hajui mkono huo ulilala wapi. Tafadhali lisome tena hilo, kisha ulifikirie karai la bluu. Na Wakristo nao, waliotafsiri Biblia waliposimulia habari ya Pilato mbele ya umati, waliandika kwamba alitwaa maji "akanawa mikono", hawakuandika akaiosha. Walikuwa na sikio.

Sasa kwa nini maji yatembee? Sabuni haiui kila kitu kama wengi wanavyodhani. Kazi yake kubwa ni kung'oa. Kila chembe yake ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji. Ule wa mafuta unashika uchafu, na jasho la mafuta lililogandisha vijidudu kwenye ngozi. Ule wa maji unavutwa na maji. Ukisugua, vijidudu vinaachia ngozi na kuelea. Virusi vyenye ganda la mafuta, kama vya korona, sabuni huvipasua kabisa, lakini vingine vingi vinabaki hai ndani ya povu, vimeng'olewa tu, vinangoja kuchukuliwa. Maji yakitiririka vinakwenda. Maji yakituama vinabaki kwenye karai, na mkono unaofuata unavipokea. Hivyo mtu wa kumi na moja kwenye karai anatoka na sehemu yake ya mikono kumi, kisha anakwenda kumega tonge kwenye sinia moja na wenzake. Kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo husafiri njia hiyohiyo, kutoka kinyesi cha mmoja hadi kinywa cha mwingine, na mkono ndio gari lake. Kwenye shughuli za watu wengi, hasa msimu wa mlipuko, karai moja linaweza kufanya kazi ya kisima kilichochafuliwa.

Maji si lazima yawe ya moto. Ya baridi yanatosha. Kinachohitajika ni kusugua sekunde 20, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha, kidole gumba, kisha kusuuza kwa maji yanayoanguka. Na taulo la begani kwa mtoto, lile linalofuta mikono ya watu kumi na tano, hilo nakiri ndilo lilikuwa kosa la mila yetu. Kung'uta mikono ikauke kwa hewa.

Nikisema haya huambiwa bomba hakuna. Lakini birika halikuwahi kuwa bomba. Vijijini, Tanzania na Kenya, watu wameeneza kitu cha bei ya kutupwa kiitwacho kibuyu chirizi: dumu la lita tano au kibuyu, tundu dogo karibu na mdomo, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kama uzi, na sabuni imening'inia pembeni kwa kamba. Mkono mchafu haugusi chombo. Maji yanayotumika ni kidogo kuliko ya karai. Nani alikipa jina hilo sijali, lakini alisikia vizuri: mchirizi ni mfereji mdogo unaopitisha maji. Kunawa kumeandikwa kwenye jina la kifaa.

Sanitaiza nitaipitia haraka. Hiyo tunajipaka, hatunawi. Yenye spiriti asilimia 60 au zaidi inaua vijidudu vingi, na mahali pasipo na maji ni msaada mkubwa. Lakini haiondoi kitu. Mkono wenye tope, shombo la samaki au dawa ya kunyunyizia mashamba, ukiupaka sanitaiza bado ni mkono wenye tope, shombo na dawa. Virusi kadhaa vya kuharisha haviiogopi, na mayai ya minyoo yaliyojificha chini ya kucha hayafi kirahisi kwa spiriti. Ni lazima yasuguliwe yaondoke. Mhudumu wa mgahawa akikuambia "nimenawa na sanitaiza", mwombe kwa upole aende kwenye bomba.

Na uso je? Uso nao hunawa, na huku nako karai limeleta madhara. Mtoto mwenye tongotongo na kamasi usoni huvutia nzi, na nzi hao, pamoja na vidole na kipande kimoja cha kanga kinachofuta nyuso za watoto wote wa nyumba, hueneza trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Kope hujikunja kwa ndani zikikwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Wilayani Kongwa, Dodoma, ambako maji ni ya shida, watafiti walifuatilia jambo hili kwa miaka, na utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kwa nguvu kuwanawisha watoto uso, pamoja na kupewa dawa, vilipunguza trakoma kali. Kiganja kimoja cha maji yaliyomiminwa kinatosha uso wa mtoto. Beseni moja kwa watoto sita halitoshi hata likijaa.

Kwa hiyo, mwandishi wa bango, sitalichana bango lako. Lakini ukichapisha jipya, andika "Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka". Na usichore beseni.

Yule binti wa Tanga sikumgombeza. Ni mtoto wa watu, na karai alikabidhiwa na wakubwa. Nilimwomba tu kopo lililokuwa kando ya pipa na kipande cha sabuni ya kufulia kilichokuwa juu ya ukuta. Nikamwambia, "Mwanangu, hili karai liweke chini, usilizungushe. Teka maji mapya, simama hapa, uninawishe." Akamimina. Maji yakapita viganjani mwangu yakaangukia karai la bluu. Bibi aliyeanza wa kwanza akatutazama kitambo, akanyoosha mikono yake miwili tena.