Je, wajua kwa nini ukimtendea mwenzako wema nafuu hukurudia wewe?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na wenzao waliwagawia watu bahasha asubuhi. Ndani yake mlikuwa na dola 5 au dola 20, na sharti moja: fedha hizo ziwe zimetumika kufikia saa kumi na moja jioni. Baadhi waliambiwa wazitumie kwa ajili yao wenyewe, wengine wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na dola 20 hazikuzishinda dola 5. Kinachochekesha ni kwamba watu wa pembeni walipoombwa kubashiri, wengi walidhani furaha ingekuwa kwa aliyepewa nyingi na kujinunulia mwenyewe.

Sehemu ya jibu imo kichwani. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba mtu anapoamua kutoa mchango, huamka maeneo yaleyale yanayoamka anapopokea fedha. Lakini raha hiyo ni ya kupita, na kwangu mimi haitoshi kueleza jambo lote.

Sehemu nyingine ni hii: sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi humfanya mtu ajitazame mno: nimesema nini, wananionaje, nitaharibu wapi tena? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwagawa watu wenye dalili hizo katika makundi matatu. La kwanza lilitenda mema, la pili likapanga kukutana na watu, la tatu likaandika mawazo yake mabaya na kuyapima upya. Baada ya wiki 5 wote walikuwa na nafuu, ila waliotenda mema ndio waliojiona karibu zaidi na wenzao. Kumbe kukaa na watu peke yake hakutoshi. Unaweza kukaa nao na bado ukawa unajihesabu makosa. Ukiwa unafikiria shida ya mwenzako, nafasi ya kujichunguza hupungua.

Wema wa kushurutishwa, ule wa kusaidia kwa kuogopa lawama, hauleti matunda hayo. Na anayemuuguza mgonjwa mwezi baada ya mwezi bila wa kumpokea huchakaa hata kama anampenda. Huyo hahitaji kuongezewa wema wa kutenda, anahitaji mtu wa kushika zamu. Mwenye sonona nzito naye bado anahitaji matibabu, hata awe mkarimu kiasi gani.