Simu inasoma mdundo wa moyo, sio kila kitu cha moyo

Siku hizi wagonjwa wanaingia kliniki na simu mkononi kabla hata hawajakaa, "daktari hebu angalia hii grafu", na mimi sichukii hata kidogo, afadhali hivyo kuliko mtu aniambie moyo uliruka wiki jana akiwa kwa matatu ya Rongai halafu nikimpima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, sasa hivi napata uko sawa kabisa. Mdundo unaokuja na kwenda haungojei siku ya kliniki.

Kuna njia mbili za kujipima kwa simu na watu huzichanganya. Ile ya kuweka kidole juu ya kamera tochi ikiwaka inaangalia tu damu vile inajaa na kupungua kidoleni, hayo ni mapigo, sio umeme. Ya pili inataka kifaa cha vyuma viwili kama KardiaMobile ya AliveCor, toleo lake la kwanza lilikubaliwa Marekani 2012, unagusa kwa vidole vya mikono yote miwili sekunde 30 na umeme wa moyo unasomwa mkono hadi mkono. Hiyo ni ECG ya ukweli, ila ni kama kuchungulia nyumba kwa dirisha moja na ile ya hospitali ina 12.

Kitu hiyo ECG ya simu inashika vizuri ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka tu badala ya kukaza, damu inatuama, inaganda, bonge likifika kwa ubongo ni kiharusi. Hatari ya kiharusi inapanda karibu mara 5. Na hapa kwetu sio shida ya wazee peke yao, unapata msichana mdogo tu ambaye valvu zake, ile milango ya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ilianza na koo kuuma utotoni na hakuna mtu alishtuka. Huyo valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto, ikiwa imebana tunampa warfarini ya kuzuia damu kuganda, sio hizi dawa mpya za kazi hiyo, utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha rivaroksabani, moja ya hizo mpya, haikuifikia. Lakini valvu simu haioni, lazima eko, ile picha ya moyo ya ultrasound.

Kinachoniogopesha ni mtu kifua kinabana, jasho linamtoka, anajipima, programu inasema sawa, analala. Sawa hapo ni mdundo tu! Mshipa wa moyo unaweza kuwa umeziba na mdundo uko vizuri. Kifua kikibana wachana na simu, enda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukijipima toa simu kwa chaja, weka mikono mezani, usiongee, na hii baridi ya Julai pasha vidole kwanza. Andika ulikuwa unafanya nini. Nitumie PDF nzima sio skrinshoti imekatwa, nahesabu vile viboksi vidogo vya grafu, na tafadhali usianzie kwa grupu ya familia, shangazi atakuwa ameshakuandikia kitunguu saumu kabla sijafungua WhatsApp.